Mgeni Aliyengoja Kuulizwa

Baba yangu alikuwa na adabu mpaka adabu ikawa ugonjwa. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nilimpenda mno, na hata leo mtu akimcheka mbele yangu ninamnyima kiti. Mimi mwenyewe ninaruhusiwa kumcheka. Haki hiyo niliirithi kwa mama.

Jina lake lilikuwa Athanase. Alizaliwa msituni, upande wa Walikale, kwa watu waliolima migomba na mihogo na kuwinda kwa nyavu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo, na akiingia nyumbani kwa mtu aliinama hata kama mlango ulikuwa juu kuliko kichwa chake. Mwaka 1953 alikuwa ameoa karibuni. Mkewe aliitwa Adelaïde, na hawakuwa wamepata mtoto bado. Huyo Adelaïde ndiye mama yangu, na adabu yake yeye ilikuwa ya kiasi.

Mwaka huo nyonga ya mama ikaanza kuuma. Wakati wa kupanda alichechemea, wakati wa kuvuna hakuweza kusimama. Wazee wakafanya ya kwao, majani na chale na jambo moja la usiku ambalo katekista alijifanya hakulisikia, lakini nyonga haikusikia pia. Basi vijana wa ukoo wakambeba kwa machela mpaka Nyabiondo, na kutoka huko lori la mfanyabiashara likawapitisha yeye na baba katika milima yote ya Masisi, likawashusha ziwani, kwenye hospitali ya Kirotshe. Daktari akasema ugonjwa umeingia ndani ya mfupa. Utapona, lakini kwa kulala tu. Mama alale chali, mguu ufungwe kwenye uzito, miezi mingi, pengine mwaka mzima.

Baba akasema vizuri, naye atakaa hapo hapo. Lakini enzi zile mtu hakukaa anapopenda. Kutoka kwa shefu wako, chifu wa eneo lenu, kwenda kwa shefu mwingine ulihitaji karatasi ya ruhusa, na ya baba ilikuwa ya mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, ama uwe na mwajiri anayekutambua, ama urudi kwenu, na usiporudi kwa hiari polisi wa shefu anakusindikiza. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Baba akipata kazi Kirotshe, atabaki. Asipopata, mama atabaki peke yake, amefungwa kitandani kati ya watu asiowajua, na mume ng'ambo ya milima yote ile. Mama hakuogopa ugonjwa. Aliogopa hilo, na alilisema kila siku.

"Usiogope," baba akamwambia. "Nitajuana na bantu."

Siku hizi neno kujuana limeharibika. Vijana wakikosa kazi wanatema mate na kusema, "Ni kujuana tu," kama wanavyosema ni wizi tu. Wananiudhi. Waliopata kazi kwa rushwa hawakujuana na mtu yeyote, walinunuana. Baba yangu alijuana na watu, na ukitaka kujua maana yake, mfuate mwezi ule mmoja.

Jumapili ya kwanza, watu wakitoka misani, mtu akaita, "Athanase!" na wanaume wawili wakageuka. Mmoja alikuwa baba. Wa pili alikuwa Kanyamibwa, kapita, yaani msimamizi, wa shamba la kahawa juu ya ziwa, mwenye tumbo na kofia na sauti ya kusikika mpaka visiwani. Watu walimwita kwa jina la baba yake, lakini padri alimbatiza Athanase. Kule kwetu mtu mwenye jina lako humwiti kwa jina. Unamwita "majina," na kutoka siku hiyo ni ndugu.

"Majina!" Kanyamibwa akapaza sauti, akamshika baba mkono. "Unatoka wapi, majina yangu? Kuya tukunywe!"

Akamvuta mpaka kwa Mama Verdiane, aliyepika kasiksi, pombe ya ndizi, nyuma ya soko. Uani kwake walikaa makapita, wapishi wa wazungu, mafundi, na Damien, kaka yake Verdiane, aliyesimamia ufuaji wa hospitali. Kila kazi iliyopatikana pwani ile ya ziwa ilipita kwanza uani pale kabla ya kufika ofisini. Mtu mwingine angetafuta mahali kama pale mwaka mzima. Baba alifikishwa kwa mkono, siku yake ya kwanza, na kuwekewa mrija wa kunywea.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Asubuhi anampelekea mama chakula, mchana anamgeuza na kumkanda mgongo, jua likiinama anakwenda kwa Verdiane. Nyama ya moshi aliyoibeba kutoka msituni alimpa Verdiane yote. Mvua ya mawe ilipotoboa paa lake, baba alipanda juu akaliezeka. Baba mkwe wa Damien alipokufa, baba alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza kupandisha kilima, na kilima kile watu wanakijua. Aliuliza habari za kila mmoja na kukumbuka jibu. Alijua ng'ombe wa Kanyamibwa ana mimba na mtoto wa nani anakohoa. Wiki ya tatu hata mbwa wa mtaa ule hawakumbwekea tena. Kila mtu alimpenda.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakumwambia mtu hata mmoja kwamba anatafuta kazi.

Msimwone mjinga. Kijijini kwao mgeni akifika anasalimia, anakaa, anakula, akichoka analala. Shida yake inabaki tumboni. Ni mwenyeji anayepaswa kuuliza, mgeni akishashiba: "Nini ilikuleta?" Hapo ndipo mgeni anafungua kinywa. Anayemwaga shida yake kabla ya kuulizwa anamwambia mwenyeji kwamba hana macho wala moyo, na tusi hilo halifutiki upesi. Basi baba alikuwa akingoja swali. Jibu lake alikuwa nalo tayari, amelipanga vizuri, na kila siku alitoka uani kwa Verdiane akiwa na tumbo la pombe na jibu lake zima.

Ikafika jioni moja Kanyamibwa amekasirika. Akavua kofia, akaipiga gotini.

"Nimechoka! Nakosa muntu wa kulinda kahawa kwa kukausha. Muntu wa kukaa na akili yake, mvua ikitaka kuya, afunike. Hawa batoto banalala tu! Kahawa inalowana, muzungu analia na miye."

Fikirini. Baba yangu alikuwa mtu wa kukaa nyuma ya wavu asubuhi nzima msituni bila kukohoa, akingoja mnyama mmoja. Alikuwa amekaa bega kwa bega na Kanyamibwa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, majina," akasema. "Iko ngumu kupata muntu muzuri."

Hata wiki haikupita, akatokea kijana mmoja mwenye vumbi la barabara ya Sake. Hakusalimia zaidi ya maneno mawili. Akasema, "Natafuta kazi," na Kanyamibwa akampa ya kulinda kahawa pale pale. Baba alikuwepo. Alimpongeza kijana yule, akampongeza na Kanyamibwa, kisha akaenda hospitali kumpa mke wake habari njema.

"Majina yangu alipata muntu," akamwambia mama. "Iko na furaha sana."

"Muntu wa kazi gani?"

"Wa kulinda kahawa."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Karibu yake."

Mama akamwita kwa jina la ubatizo, na kwa mama hiyo haikuwa dalili nzuri.

"Athanase. Ulimwambia unatafuta kazi?"

"Hakuniuliza."

Mama akatafuta kitu cha kumrushia. Karibu naye palikuwa na kikombe cha bati tu, akakirusha. Kwa kuwa alikuwa amelala chali hakuweza kulenga, na kikombe kikampata Mama Mukankusi, mwanamke wa milimani aliyekuwa kitanda cha jirani na mguu uliovunjika. Kisha mama akalia. Alilia kwa sauti, bila haya, akisema kwamba ameolewa na mti, kwamba atakufa peke yake katika nyumba ya watu kwa sababu mume wake anangoja kuulizwa.

Mukankusi akaokota kikombe kifuani kwake. "Dada, usilie kwanza. Papa Athanase, ulikuwa unangoja nani akuulize?"

"Mwenye nyumba. Kanyamibwa. Ao Mama Verdiane. Ni wao banapashwa kuuliza nini ilinileta."

Mukankusi akamwangalia, kisha akaanza kucheka, akashika mguu wake wenye plasta kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Baba wee! Huku kwetu mugeni hatumuulizake! Ukimuuliza mugeni juu ya nini alikuya, ni kama unamwambia: rudia kwenu. Kanyamibwa hatakuuliza mpaka muzeeke. Anakuheshimu!"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Baba aliona haya kusema, wenyeji waliona haya kuuliza, na katikati ya adabu mbili mama yangu alikuwa anakaribia kuachwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakutaja mtu anayeuficha kwa heshima tu.

"Kesho ni Jumapili," mama akasema, akipangusa macho. "Karatasi inaisha Jumanne. Utaenda kusema. Na utajifunza hapa hapa, mbele yangu."

Mukankusi akachukua mto, akauweka tumboni juu ya shuka. "Miye njo Kanyamibwa," akasema kwa sauti nene. "Kuya, sema."

Baba akasimama mbele ya kitanda, akainama. "Jambo, majina. Umeamka muzuri? Ngombe yako iko namna gani? Na ule mutoto wa dada yako, kikohozi chake…"

"Acha ngombe!" wanawake wa wodi nzima wakapiga kelele.

Akaanza tena. Safari hii aliacha ng'ombe lakini akasalimia mke wa Kanyamibwa. Wakamrudisha. Akasema kwa kutazama sakafu, wakamwambia ainue macho. Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwa padri, mama akamwambia aseme kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Jasho lilimtoka kuliko siku aliyobeba jeneza. Mwishowe akafumba macho, akapiga kelele, "NATAFUTA KAZI!" na wodi yote ikapiga makofi, na sista wa zamu akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Jumapili, baada ya misa, uani kwa Verdiane, baba aliukataa mrija. Alisimama. Mama hakuwepo kuona na mimi sikuwa nimezaliwa, lakini Verdiane alinisimulia mara nyingi jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitafuta mahali pa kukaa.

"Majina, Mama Verdiane, Papa Damien, na ninyi wote. Miye nilikuya hapa na shida. Bibi yangu iko hospitali, atakaa sana. Karatasi yangu inaisha kesho kutwa. Natafuta kazi."

Kanyamibwa akainuka na tumbo lake lote.

"Majina! Nilikaa hapa, nikalia mbele yako, na weye ukaniambia pole?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

"Nikuulize? Nifukuze muntu wa jina langu?"

Verdiane alifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. "Siye tulizania iko na kaka mukubwa pahali fulani mwenye anamulisha," akasema. Wengine wakaanza kusema wote pamoja. Huyu anajua mzungu anayetafuta mtunza bustani huko Sake, yule anajua fundi anayetaka msaidizi. Kanyamibwa akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Huyu ni wangu," akasema. "Kazi ya kahawa niliitoa, siwezi kumunyanganya yule kijana. Lakini muzungu wetu anafungua shamba ingine kule juu, upande wa Kitshanga. Anataka kapita mudogo. Nyumba iko, shamba ya maharagi iko. Kesho lori inapanda. Majina, utapanda nayo."

Watu wakashangilia. Kapita! Mtu wa msituni, mwezi mmoja tu ziwani, na tayari ni kapita mwenye nyumba. Kalabashi la pombe likaanza kuzunguka. Baba alibaki amesimama. Mama na Mukankusi walimfundisha kuomba, lakini kukataa zawadi ya mtu wa jina lake, mbele ya watu, hilo hakuna aliyekuwa amemfundisha. Aliniambia baadaye kwamba ingekuwa rahisi zaidi kukutana na chui. Namsadiki.

"Majina, aksanti," akasema. "Aksanti sana. Lakini Kitshanga iko mbali na kile kitanda. Miye sitafuti kazi tu. Natafuta kazi yenye itaniacha nione bibi yangu kila siku. Kama ni kubeba mavi, nitabeba."

Wanaume kadhaa walicheka kwa aibu. Wakati ule mwanamume hakusema kitu kama hicho uani kwenye pombe. Alisema alifuata mshahara, au alifuata mzungu mzuri, wala hakusema alimfuata mke wake. Kanyamibwa alikaa chini, akatazama ndani ya kalabashi, na watu wakafikiri amekasirika.

Damien, kaka yake Verdiane, hakuwa msemaji. Alikohoa.

"Kwangu, kwa kufua, nafasi iko," akasema. "Iko tangu zamani. Lakini ni mashuka ya bagonjwa. Damu, usaha, na ile yenye umetaja. Vijana banakimbia. Niliona haya kumupa kazi ya vile muntu mwenye alinibebea baba mukwe."

"Nipe," baba akasema.

"Masere, sista mukubwa wa hospitali, njo anakubali, hapana miye. Hakujui. Ataniuliza nani anakujua."

Kanyamibwa akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa pombe. "Nitaenda miye," akasema. "Kesho asubuhi. Nitamwambia Masere: huyu ninamujua, na akiiba hata kipande ya sabuni, mukuye mukamate miye."

Verdiane akasema naye atakwenda. Mwishowe walikwenda watu kumi na zaidi, Kanyamibwa mbele na kofia yake ya Jumapili. Milima haikutani, lakini watu wakikutana mara nyingi kiasi kile, siku moja wanakwenda pamoja mpaka mlangoni kwa mwenye kazi.

Baba alifanya kosa moja tu zaidi. Jumapili ile jioni hakwenda wodini. Alilala kwa Damien, kwa sababu hakutaka kumpelekea mama tumaini ambalo sista angeweza kulikataa. Jumatatu vilevile hakuonekana, maana sista aliwasikiliza wote, akamtaka aanze saa ile ile, na Damien akamzamisha katika mashuka mpaka giza.

Mama hakujua lolote. Jumapili usiku alifikiri baba amelewa. Jumatatu alifikiri wamemkataa na anaona haya kuja. Jumanne, siku ya mwisho ya karatasi, alikuwa ameshaamini kwamba polisi wamemchukua njiani na hakupewa hata nafasi ya kumuaga. Aligeuza uso ukutani. Mukankusi alimpa uji, hakuunywa. Mama aliniambia kwamba asubuhi ile ndipo alipojua kiasi gani anampenda mtu yule, na kwamba hasira yake ilikuwa kubwa sawasawa na mapenzi.

Mlango wa wodi ukafunguliwa, mtu wa kufua akaingia na rundo la mashuka. Mama hakugeuka. Watu wale waliingia kila asubuhi, wanatupa shuka kitandani na kutoka. Lakini huyu hakutupa. Alisimama kwenye kitanda cha kwanza karibu na mlango.

"Jambo, Mama. Umeamka muzuri? Na ile kidonda, iko namna gani? Na mutoto wako mwenye alienda shule?"

Mama akafungua macho.

Mtu akasogea kitanda cha pili. Jambo, Mama. Usiku ulipita muzuri? Akangoja jibu mpaka likaisha. Akatandika. Akasogea cha tatu. Vitanda vilikuwa vingi, cha mama kilikuwa karibu na mwisho, na baba yangu hakuruka hata kimoja. Aliuliza habari za kila mguu na kila kikohozi, naye mama amelala uso ukutani, amefungwa kwenye uzito wake, machozi yanaingia masikioni, anangoja zamu yake. Mukankusi alitaka kumwita baba afanye haraka. Mama akamwashiria amwache.

Hatimaye alifika.

"Jambo, Adelaïde," akasema. "Inuka kidogo, nikutandikie."

"Umechelewa," mama akamwambia, "mujinga weye," akamshika mkono pamoja na shuka, na hakumwachia mpaka Damien alipokuja kuuliza mfuaji wake amekwenda wapi.